Ngeli Saba za Watawa Ombaomba, na Mmoja Aliyezikataa Zote

Keti, mwanafunzi wangu, na uzime simu. Falsafa huuliza binadamu ametoka wapi. Elimu ya nyota huuliza sayari zinakwenda wapi. Ombaombolojia pekee ndiyo iliyothubutu kuuliza swali lenye uzito: mtu asiye na mali yoyote anapokula jibini, jibini hiyo ni ya nani? Mapapa wameliandikia hati. Wanateolojia wametoroka usiku kwa sababu yake. Na huko Uingereza, katika msitu wa Sherwood, mnene mmoja mwenye upanga alilijibu bila kusema neno, kwa kutafuna tu.

Taaluma hii ina matawi matatu. Kambalojia huchunguza kamba ya kiunoni na mafundo yake. Kanzurangi huchunguza rangi ya vazi. Tumbometria hupima umbali uliopo kati ya kamba na meza. Leo tutayapitia yote kwa mpangilio. Maswali yataulizwa mwishoni, nami ndiye nitakayeyauliza.

1. Fasili za msingi

Mtawa ombaomba ni mwanamume wa Kanisa Katoliki aliyeweka nadhiri tatu, yaani ufukara, useja na utii, kisha akatoka nje. Usiyaruke maneno matatu ya mwisho. Ndiyo yanayomtenga na viumbe wengine watatu ambao mgeni wa taaluma huwachanganya naye, kwa hasara kubwa ya ustaarabu:

1.1 Mmonaki. Huyu hukaa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, humfunga kwenye monasteri moja hadi kufa. Yeye binafsi hana kitu, lakini monasteri yake ina mashamba, vinu na kondoo. Ni fukara wa nyumba tajiri.

1.2 Mkaapweke. Huyu naye hukaa, ila peke yake.

1.3 Padri wa parokia. Huyu hutoka, lakini jioni hurudi kwake, na zaka anaijua.

1.4 Mtawa ombaomba. Huyu hutoka, hutembea, huhubiri, huomba, na hulala pale giza lilipomkutia. Alizuka katika miji ya Ulaya mwanzoni mwa karne ya 13, wakati biashara ilipoijaza miji hiyo watu na fedha kuliko mapadri.

Tunapata mlinganyo wa kwanza wa taaluma, ambao utaukariri kabla ya kulala: mmonaki, jumlisha miguu, toa shamba.

2. Ngeli

Kama zilivyo nomino za Kiswahili, watawa ombaomba hujipanga kwa ngeli. Kila ngeli hutambulishwa kwa vitenzi viwili: cha kwanza ni kile anachofanya mtawa asubuhi, cha pili ni kile anachofanya jioni. Anayetafuta kitenzi cha mchana hajaelewa taaluma. Mchana wanatembea wote.

2.1 Ngeli ya OMBA-GAWA: Wafransisko, au Ndugu Wadogo. Mwasisi wao ni Fransisko wa Assisi, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa. Papa Honori III aliithibitisha kanuni yao tarehe 29 Novemba 1223. Inawaruhusu kanzu moja yenye kofia na nyingine isiyo na kofia, tena waitie viraka vya gunia wakipenda. Inawakataza kupokea fedha. Inawakataza pia kupanda farasi, isipokuwa kwa ugonjwa au dharura. Kiunoni hufunga kamba yenye mafundo matatu, fundo moja kwa kila nadhiri. Zingatia, mwanafunzi: ufukara umewekwa kwenye fundo, haukuwekwa mfukoni. Kambalojia yote imesimama juu ya tofauti hiyo.

2.2 Ngeli ya SOMA-HUBIRI: Wadominiko, au Shirika la Wahubiri. Liliasisiwa na Dominiko, Mhispania, na kuthibitishwa tarehe 22 Desemba 1216. Walipotia mguu Uingereza mwaka 1221 walielekea Oxford, kwenye chuo kikuu, kwa sababu mtawa wa ngeli hii hawezi kukipita kitabu. Dalili yake ni hii: ukimwomba chumvi mezani atakutolea kwanza hoja tatu zinazoipinga chumvi, kisha jibu lake, kisha majibu ya hoja moja moja, na mwisho chumvi. Ndivyo Toma wa Akwino, nyota ya ngeli hii, alivyoipanga Summa yake, ingawa kwenye chumvi hakufika.

2.3 Ngeli ya NYAMAZA-TEMBEA: Wakarmeli. Walianza kama wakaapweke kwenye Mlima Karmeli, huko Palestina, wakapewa kanuni na Alberto, Patriarki wa Yerusalemu, mwanzoni mwa karne ya 13. Baadaye walihamia Ulaya, wakajikuta mijini, wakalazimika kusema. Wanamhesabu nabii Eliya kuwa baba yao wa kiroho, na kwa hiyo katika ubishi wowote kuhusu nani alitangulia, wao hushinda kwa karne nyingi. Hadi mwaka 1287 walivaa joho la mistari, wakataniwa kwalo mitaani. Hapo wakahamia kwenye joho jeupe. Sababu iko wazi kwa mtaalamu: ngeli inayonyamaza haiwezi kuvaa nguo inayopiga kelele.

2.4 Ngeli ya TAWANYIKA-UNGANA: Waaugustino. Walikuwa vikundi vya wakaapweke waliosambaa vilimani. Mwaka 1244 wale wa Toscana waliunganishwa, na mwaka 1256 Papa Aleksanda IV akawaunganisha na vikundi vingine. Ni watu pekee katika historia waliopenda upweke hadi wakalazimika kufanya mkutano mkuu. Pwani yetu inawafahamu. Waaugustino wa Kireno walikuwa na konventi Mombasa tangu mwishoni mwa karne ya 16. Yusuf bin Hasan, mtawala wa Mombasa aliyewaasi Wareno mwaka 1631 na kuitwaa Ngome ya Yesu, alilelewa na watawa hao hao huko Goa. Wataalamu wa ngeli hii wanakumbushwa kwamba kitenzi cha jioni hakina dhamana.

2.5 Ngeli ya ANZA-FUTWA: Watawa wa Gunia, na wengine wa aina yao. Karne ya 13 ilifurika mashirika ya ombaomba kiasi kwamba waombaji walihatarisha kuwazidi waombwaji. Mtaguso wa Pili wa Lyon, mwaka 1274, ukakata shauri: mashirika mapya yasipokee mtu tena, yaachwe yafe kwa uzee. Wafransisko na Wadominiko walisalimika. Wakarmeli na Waaugustino waliambiwa wasubiri, na jibu likaja mwaka 1298. Miaka 24 ni mingi kusubiri barua, hata kwa ngeli iliyozoea kunyamaza.

2.6 Ngeli ya REKEBISHA-FUGA: Wakapuchini. Ni tawi la Wafransisko lililotaka kurudi kwenye ukali wa mwanzo, likakubaliwa na Papa Klementi VII mwaka 1528. Asubuhi hurekebisha shirika, jioni hufuga ndevu. Kofia yao ni ndefu na imechongoka. Wakapuchini wa Uswisi waliwasili Dar es Salaam mwaka 1921, na Mtanzania aliyewaona hahitaji mchoro. Kahawa na kima wa Amerika wameazima jina lao, kwa hiyo hii ndiyo ngeli pekee inayopatikana konventini, mkahawani na mtini.

2.7 Ngeli ya OMBA-SHIBA. Ngeli hii haina mwasisi wala hati ya Papa. Ina ushahidi tu. Shahidi mkuu ni Geoffrey Chaucer, mshairi Mwingereza wa karne ya 14, aliyempeleka mtawa Huberd kwenye hija ya Canterbury. Huberd ana eneo lake rasmi la kuombea. Anazijua baa za kila mji kuliko anavyowajua wakoma. Kofia yake imejaa visu vidogo na pini za kuwahonga wanawake wazuri.

Katika kisa kingine cha kitabu hicho hicho, mgonjwa aliyechoshwa na kuombwa anamzawadia mtawa mwingine hewa iliyotoka tumboni mwake, kwa sharti igawanywe sawasawa kwa konventi nzima. Tatizo hilo la kihisabati linatatuliwa kwa gurudumu la mkokoteni lenye njiti 12: watawa 12 waweke pua zao kwenye ncha za njiti, na wa 13, kwa heshima yake, akae penye kitovu. Wengi hucheka hapa. Mwanafunzi makini hacheki, bali huandika pembeni: «Je, hewa hiyo ni mali, au ni matumizi tu?» Tutalirudia swali hili katika sehemu ya 6.

3. Kanzurangi: Sheria ya Rangi Kinyume

Waingereza waliwaita watawa kwa rangi. Wadominiko ni Weusi, Wakarmeli ni Weupe, Wafransisko ni wa Kijivu. Sasa fungua macho. Mtawa Mweusi huvaa kanzu nyeupe, na weusi ni wa joho la juu. Mtawa Mweupe huvaa kanzu ya kahawia, na weupe ni wa joho la juu. Mtawa wa Kijivu leo, katika matawi mengi ya shirika lake, ni wa kahawia kuanzia kofia hadi juu ya makubazi. Waaugustino, ambao ni weusi kweli, hawakuitwa Weusi, kwa sababu jina lilikuwa limeshachukuliwa na mtu aliyevaa nyeupe.

Kutokana na data hii tunatunga sheria: rangi ya mtawa ni rangi ya kile atakachovua akiona jua. Mfalme Henry VIII alipozifunga konventi zao, nyingi zikifungwa mwaka 1538, watawa waliondoka na kanzu zao lakini rangi zilibaki London, kwenye majina ya mitaa ya Blackfriars na Whitefriars. Mwafaka wa kisayansi ni kwamba mtaa hauna joho la kuvua, kwa hiyo huko sheria haifanyi kazi.

4. Tatizo la Bruda Tuck

Tunafika kwenye jabali ambalo meli nyingi za wasomi zimepasukia. Bruda Tuck ni mtawa wa genge la Robin Hood, mtoro wa sheria aliyewapora matajiri msituni. Ana upanga, ngao, mbwa, na tumbo ambalo tumbometria bado haijapata kamba ya kulizungusha. Yuko ngeli ipi? Tumjaribu kwa fasili zetu zote nne, kuanzia ya mwisho.

4.1 Je, ni mtawa ombaomba? Kwa jina, ndiyo. Lakini John Mair, mwanahistoria wa Uskoti, aliandika mwaka 1521 kwamba Robin Hood aliishi wakati wa Mfalme Richard wa Kwanza, na riwaya na filamu zimemfuata. Richard alifariki mwaka 1199. Mtawa ombaomba wa kwanza kufika Uingereza, Mdominiko, alifika 1221. Basi Bruda Tuck ameliwahi shirika lake kwa zaidi ya miaka 20. Ni uwahi usio na mfano katika historia ya dini.

4.2 Je, ni padri? Nyaraka za kifalme za mwaka 1417 zinamsaka kiongozi wa genge kusini mwa Uingereza anayejiita Bruda Tuck. Alipopata msamaha mwaka 1429 ilijulikana kuwa ni Robert Stafford, padri wa Lindfield, Sussex. Basi Bruda Tuck wa kwanza mwenye hati ni padri aliyejifanya mtawa ili awe jambazi. Ombaombolojia inamheshimu mtu anayepanda ngazi kwa utaratibu.

4.3 Je, ni mmonaki? Utenzi mmoja wa zamani unamweka penye Fountains, Yorkshire. Fountains ni monasteri ya Wamonaki wa Citeaux, iliyoanzishwa mwaka 1132, ambao kanuni yao iliwanyima nyama. Kumweka Tuck hapo ni kosa la kijiografia na la kilishe.

4.4 Je, ni mkaapweke? Walter Scott, katika riwaya yake Ivanhoe ya mwaka 1819, anampa kibanda chake msituni. Humo anamkaribisha mgeni kwa njegere kavu na maji, mpaka mgeni anapoonyesha kwamba naye ni mtu wa kula. Ndipo pai kubwa ya nyama ya kulungu inatoka mafichoni. Mkaapweke mwenye pai ya siri si mpweke.

Fasili nne, na zote zimekwama kwenye mtu mmoja. Wanafunzi dhaifu huishia hapa na kusema Tuck ni hadithi tu. Hao huhamishiwa kozi ya jiografia.

5. Sheria ya Uvushaji

Kabla ya ufumbuzi, jambo dogo lenye uzito wa milima. Mwezi Septemba 1224 Wafransisko tisa wa kwanza walitua Dover, wakiwa wamevushwa bahari na wamonaki wa Fécamp, kwani nauli hawakuwa nayo na hawakuruhusiwa kuishika. Katika utenzi wa Fountains, Robin Hood anamwamuru mtawa ambebe mgongoni kuvuka mto. Mtawa anambeba, kisha anachomoa upanga na kudai abebwe arudishwe. Robin anambeba, kisha anadai avushwe tena. Mara hii mtawa anamtupa katikati ya maji.

Tunapata mnyororo kamili: mmonaki humvusha mtawa, mtawa humvusha mtoro, na mtoro huogelea. Robin anapiga baragumu wanatokea watu 50. Mtawa anapiga mluzi wanatokea mbwa 50. Usawa huu tunauita Mizani ya Hamsini. Haueleweki, na ndiyo sababu una jina.

6. Nadharia ya Paja la Kulungu

Sasa shika kalamu kwa mikono yote miwili. Wafransisko waliapa kutomiliki chochote, si mmoja mmoja wala kwa pamoja. Lakini walikula. Mwaka 1245 Papa Innosenti IV akatatua: mali zote wanazotumia ni za Kiti cha Kitume, wao wana matumizi tu. Papa Nikola III akakazia mwaka 1279. Kwa hiyo mtawa aliyetafuna jibini Assisi alitafuna jibini ya Papa.

Tarehe 8 Desemba 1322 Papa Yohane XXII aliirudisha jibini. Hoja yake ilikuwa nzito: kitu kinachokwisha kwa kutumiwa, huwezi kutenga matumizi yake na umiliki wake. Ukishakimeza, mwenyewe amebaki na nini? Ugomvi ukawa mkubwa. Mwaka 1328 William wa Ockham, Mfransisko na mmoja wa vichwa vikali vya Ulaya, alimtoroka Papa huko Avignon usiku pamoja na mkuu wa shirika lake. Ninaongeza, kwa faida ya sehemu ya 2.7, kwamba hewa ya mgonjwa wa Chaucer nayo hukwisha kwa kutumiwa. Kwa hiyo baada ya mwaka 1322 watawa wale 13 walikuwa wamiliki halali.

Linganisha sasa na msitu. Kulungu wa misitu ya kifalme ni mali ya Mfalme. Kabla ya Mkataba wa Misitu wa mwaka 1217 mwindaji haramu aliweza kupoteza uhai au kiungo. Baada yake ilikuwa faini nzito, au kifungo cha mwaka mmoja na siku moja. Bruda Tuck anakula kulungu. Hana kulungu. Hajawahi kudai kuwa na kulungu. Kulungu ni wa Mfalme, Tuck ana matumizi tu. Ni hali ile ile ya kisheria ya mtawa wa Assisi na jibini yake, ila Papa aliridhia na Mfalme hakuulizwa. Tofauti hiyo ni ya barua. Tumbo haliijui.

Hata kuulizwa, aliulizwa kwa vitendo. Katika utenzi mrefu wa zamani wa Robin Hood, Mfalme Edward anaingia msituni amejifanya abati, na anakaribishwa kulungu wake mwenyewe. Kwa Scott, anayekula ile pai kibandani ni Mfalme Richard aliyejificha. Mara mbili mwenye mali amealikwa kwenye mali yake, na mara mbili akashukuru.

Ufumbuzi ndio huu. Mtawa ombaomba na mtoro wa msituni ni ngeli moja. Wote huvaa sare ya rangi moja. Wote hawana shamba. Wote huitana ndugu. Wote huishi kwa tajiri apitaye njiani, na wote hugawana kilichopatikana. Wanatofautiana kwa kiambishi cha mkono tu: mmoja hunyoosha mkono mtupu, mwingine hunyoosha mkono wenye upinde. Tuck hakukosa ngeli. Yeye ni mahali ambapo ngeli mbili zimekaa meza moja.

Linabaki suala la uhalali, na hapa taaluma yetu haina huruma. Ikiwa Edward wa utenzi ni wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1272 hadi 1307, paja la Tuck ni safi kiteolojia. Ikiwa ni wa Tatu, aliyeanza kutawala 1327, ni wizi. Ikiwa ni wa Pili, itategemea kama Tuck aliuma kabla au baada ya tarehe 8 Desemba 1322. Na ikiwa aliuma kabla akameza baada, kila upande una nusu yake.

7. Mtihani

Muda: saa tatu. Jibu maswali yote.

Swali la 1. Chora mtawa Mweusi aliyevua joho. Taja rangi yake, kisha tetea jibu lako dhidi ya mchoro wako.

Swali la 2. Ndugu Mdogo amepewa yai na mjane. Yai limeanguliwa njiani. Kwa kuzingatia hati za 1245 na 1322, kifaranga ni cha mjane, cha Papa, au cha kuku?

Swali la 3. Mbwa 50 wa Bruda Tuck walikuwa wa ngeli ipi? Tumia kitenzi cha asubuhi na cha jioni.

Swali la 4. «Robin Hood alikuwa Mfransisko asiye na kibali.» Je, unakubali, au unakubali kabisa?

Maelekezo kwa mtahiniwa: njoo na chakula cha kuwatosha watu wawili, kikiwemo kipande cha jibini. Umiliki wa chakula hicho utabaki kwako muda wote wa mtihani. Msimamizi atakuwa na matumizi tu.